Sura ya Nne: Kiti cha Herufi K

Fundi cherehani aliingia kituoni na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni, pini zimechomekwa kwenye kola kama medali za vita. Askari wa mapokezi alimwelekeza kwa kidole kwenye dawati la watu waliopotea, bila kuacha kutafuna.

Inspekta alikuwa chini ya dawati hilo, amevua viatu, anakunja karatasi ya kuwekea mguu mmoja wa meza uliokuwa mfupi kuliko wenzake. Alikaribisha mgeni akiwa hukohuko.

"Nimepotelewa na mtu," fundi alisema.

"Pole, mama. Ni nani wako?"

"Rafiki."

"Anaitwa nani?"

"Kinanda."

Inspekta alijitokeza. "Jina la kwenye kitambulisho."

"Hilo silijui."

"Yukoje? Mrefu, mfupi?"

"Sijawahi kumwona."

"Anaishi wapi?"

"Mwanangu, ningekuwa najua anakoishi, ningekuja kwako kufanya nini? Si ningekwenda kwake?"

Inspekta alivaa viatu. Swali lililofuata lilitaka viatu. "Mara ya mwisho kupata habari zake ilikuwa lini?"

"Leo asubuhi. Aliniandikia nikiwa natia mikono kwenye gauni la bibi harusi."

"Mama, mtu aliyekuandikia leo asubuhi hajapotea."

"Aliyeandika hajapotea," fundi alikubali. "Aliyepotea ni Kinanda."

Inspekta alivuta kiti cha pili.

Maelezo yalikuwa haya. Kulikuwa na kundi la watu watano kwenye simu, hawajapata kuonana, wanaojuana kwa majina ya utani: Kinanda, Ngoma, Tarumbeta, Zeze, na fundi mwenyewe, aliyejiita Sindano. Kila siku mmoja wao alikuwa muulizaji. Alipanga herufi kuanzia A mpaka Z, na mbele ya kila herufi akaweka fumbo dogo la wimbo wa zamani ambao jina lake linaanza na herufi hiyo. Wengine waligombea kujibu.

"Q na X tumezifukuza," fundi alieleza. "Hazikuwa na nyimbo, zilikuwa zinakaa bure tu."

"Anayeshinda anapata nini?"

"Anapata kusemwa."

"Na huyu Kinanda ni nani, kwa unavyomjua?"

"Fundi redio, amestaafu. Mjane. Alikuwa hajibu kwa kuandika. Alikuwa anatuma ujumbe wa sauti, anauimba wimbo kidogo, kwa sauti mbaya hiyo, halafu ndiyo anautaja. Mwezi uliopita akaanza kuandika. Tukamuuliza, sauti iko wapi? Akasema maiki ya simu imeharibika." Fundi alimtazama Inspekta kwa jicho moja, kama anayetunga uzi. "Fundi redio, mwanangu. Maiki imemshinda."

"Labda uzee."

"Nilisema hivyohivyo. Nikanyamaza. Lakini akaanza kukalia viti vya wenzetu, na juzi amekalia changu."

"Kiti kipi tena?"

Hapo fundi aliona aibu kidogo, maana hakuwahi kulazimika kukieleza. Kila mmoja wao alikuwa na herufi yake: Sindano S, Tarumbeta T, Ngoma N, Zeze Z, Kinanda K. Hata kama jibu la S linajulikana na watoto wa chekechea, hakuna aliyeligusa. Herufi nyingine ziligombewa kwa viwiko, zikiisha, wenye viti wanaingia mmoja mmoja, na mchezo unafungwa. Mwenye kiti akiwa ndiye muulizaji, hujijibu mwenyewe; akiwa na homa, kinangoja. Zeze aliwahi kulazwa, na Z zake zilikaa wazi mpaka alipotoka.

"Nani alitunga sheria hiyo?"

"Hakuna."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenu kiti cha baba yako kiliandikwa wapi?"

Inspekta aliomba simu ya fundi akaanza kupanda juu, mazungumzo ya wiki na wiki. Zamani, Kinanda: K mwishoni, kwa sauti. Tangu mwezi uliopita, Kinanda: K mapema, S, T, N, Z, zote kwa maandishi, zote sahihi, na za haraka. Utani ulikuwa uleule. Hata neno lake la kufungia siku, "lalani, watoto wangu," lilikuwa palepale.

"Huyu mtu amesoma ujumbe wote wa nyuma," Inspekta alisema. "Amejifunza utani wenu. Ila kiti hakisomeki. Kinaonekana kwenye yale msiyoyafanya, na hayo hayamo kwenye simu." Alirudisha simu. "Simu iko mikononi mwa mtu mwingine, mama. Nani, na mwenyewe yuko wapi, ndiyo kazi."

"Akiwa amekufa nitaambiwa?"

"Utaambiwa."

"Kwa mdomo. Si kwa maandishi."

Mkuu wa kituo alikataa kuomba kibali cha kampuni ya simu. Hakukataa kwa ubaya. Alikataa kwa kicheko, jambo ambalo ni baya zaidi. "Unataka niende kwa hakimu nikamwambie kuna mtu amejibu herufi isiyo yake?"

"Nataka umwambie kuna mzee haonekani."

"Anaandika kila siku, Inspekta. Mimi nina ndugu zangu wa damu hawaandiki."

Basi Inspekta akaanza na alichokuwa nacho. Ujumbe wa mwisho wa sauti wa Kinanda haukuwa wimbo. Alikuwa akimwambia mtu, taratibu, "Haya basi, mdogo wangu." Na juu yake kulikuwa na maneno ya Tarumbeta, mbele ya kundi zima: *Mzee, acha kutudanganya. Majibu yote unayatafuta mtandaoni.*

Tarumbeta alikuwa dereva wa lori, na yadi yake aliitaja mara nyingi kwenye kundi. Inspekta alimkuta kwenye yadi ya malori, miguu tu ndiyo inaonekana, mwili mwingine wote uko chini ya gari.

"Wewe ndiye Tarumbeta?"

"Nani anauliza?"

"Polisi."

Miguu ilitulia. Kisha mtu mzima mwenye kifua cha pipa alijivuta nje, akakaa hapohapo kwenye mafuta. "Ni habari za Kinanda," alisema.

"Sijamtaja mtu."

"Nimekuwa nikiwangoja."

"Kwa nini ungoje polisi?"

"Kwa sababu nilimvunjia heshima mzee wa watu, na kesho yake akabadilika. Hajaimba tena. Mimi na mdomo huu." Alijipangusa mdomo, akajipaka grisi. "Siku ile nilikosea herufi tano, dada. Nilikuwa na hasira. Angenitukana ningelala usingizi mzuri. Akaniita mdogo wangu."

"Umemtafuta?"

"Kwa maandishi nimeshindwa. Mwili wote huu, naandika, nafuta. Nikasema niende nimwone ana kwa ana. Nimekwenda kule mara mbili."

Inspekta alikuwa ameshaanza kugeuka. Hakugeuka tena. "Kule wapi? Mwenzako Sindano anasema hakuna anayejua anakoishi."

"Nyumba siijui. Mahali napajua."

"Nani alikwambia?"

"Yeye. Bila kusema." Tarumbeta alipangusa kidole kimoja chenye bahati kwenye shati, akafungua simu na kuchezesha ujumbe wa zamani. Mzee aliimba kwa sauti kavu, na nyuma yake kitu kiligongwa, chuma kwa chuma: kwa haraka, kisha kimya, kisha pigo moja la uvivu. "Unasikia? Hicho ni kivuko cha reli. Vivuko vingine vyote kengele zake ni za umeme. Ya pale kilima cha viwandani ilikufa, mlinzi anagonga kipande cha reli kwa nondo. Ana bega bovu, lazima apumzike katikati. Nimesimama pale na lori mara nyingi mno, ugongaji wake naujua."

"Na ulipofika?"

"Nilikaa garini. Ningemwambia nini mlinzi? Namtafuta Kinanda?" Akatazama chini. "Kama nimemuua, niambie."

"Umekwenda mara mbili ukakaa garini," Inspekta alisema. "Wanaoua huwa hawana haya kiasi hicho."

Kabla hajaondoka yadini alimpigia fundi cherehani. Muulizaji wa leo alikuwa nani?

"Mimi," fundi alijibu, cherehani ikinguruma.

"Vizuri. Kwenye K weka wimbo ambao Kinanda anaujua na mtandao hauujui. Upo?"

Cherehani ilinyamaza.

"Upo mmoja," fundi alisema. "Nilipougua aliniimbia mzima mzima. Wa bendi ya ujana wake, haukuwahi kuingia studio."

"Uweke huo. Wengine waambie wasiiguse."

"Wewe nawe. Nani angeigusa?"

Mlinzi wa kivuko alikuwa na bega bovu kweli, na maneno mengi kulifidia. Mzee fundi redio? Nyumba ile, yenye mlango wa kijani. Lakini binti yake anasema baba amesafiri.

"Amesafiri kwa chombo gani? Treni?"

"Angepanda treni ningempungia. Angepanda basi angepita hapa. Labda amepaa."

Binti alifungua mlango kwa tabasamu, na halikupungua hata Inspekta alipojitambulisha. Alikuwa mpokea wageni hotelini, kazi ambayo mtu hulipwa kusema "hayupo" kwa upole mpaka anayeambiwa anashukuru.

"Baba amesafiri," alisema. "Nikupe ujumbe wowote?"

"Nitangoja kidogo. Nimepanda kilima." Inspekta aliomba maji, na maji hayanyimwi. Akiwa anayanywa taratibu alitazama uani. Kamba ilikuwa imejaa mashuka, mashuka matupu, na si mengi ya rangi moja. Kila shuka la nyumba lilikuwa limefuliwa. Kwenye kibao cha dirisha kulikuwa na kikombe chenye mfuniko na mrija, na kando yake brashi ya kunyolea ndevu.

"Mume yupo?"

"Sijaolewa."

"Kaka?"

"Niko peke yangu."

"Hiyo brashi imelowa, mdogo wangu. Na povu lina mvi."

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Kisha binti akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaficha mikono katikati ya magoti.

"Sijafanya kosa," alisema.

"Sijasema umefanya. Yuko wapi?"

"Chumbani. Kiharusi. Alikuwa anatengeneza feni, akaanguka. Upande wa kulia wote umelala. Kuongea hakuna, hata jina langu. Simu yake ikawa inalia, inalia. Wale watu wake. Wanamtania, wanamuuliza yuko wapi. Baba hana watu wengine, Inspekta. Redio na hao. Nikaona wakijua, watasema pole, watasema pole tena, halafu watatafuta mtu wa tano. Nikasema nimshikie nafasi mpaka apone."

"Majibu ulikuwa unayapata wapi?"

"Mtandaoni."

Inspekta alimkumbuka Tarumbeta na grisi yake, akajikaza asicheke.

"Lakini naacha leo," binti aliendelea. "Nimeshaandika ujumbe wa kuwaaga. Mchezo unamuumiza. Nilikuwa namsomea kwa sauti kila alasiri nikidhani ataufurahia, na kila nikicheza anapandwa na hasira, anagonga kitanda. Nimemwambia daktari. Daktari anasema hayo ni mwili tu, mtu asiyejitambua hugonga. Kesho anakuja. Akiona bado hakuna dalili kwamba baba anaelewa, mazoezi ya kuongea yanasimama, nafasi anapewa mwingine. Na kweli dalili sina. Ninako kugonga tu."

"Anagonga wakati gani?"

"Si nimekwambia, nikicheza."

"Ukicheza herufi gani?"

Binti alimtazama kama anayeulizwa mvua ilinyesha kwa tone lipi. "Sijui. Yoyote."

"Twende."

Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na redio nyingi, zilizopangwa mpaka dirishani, zimefutwa vumbi. Mzee alikuwa ameinuliwa kwa mito, amenyolewa vizuri upande wa kushoto na kwa woga upande wa kulia. Jicho lake lilimfuata mgeni mpaka alipoketi.

"Shikamoo, baba," Inspekta alisema.

Simu ikalia: Sindano ameweka maswali ya leo.

"Soma kama unavyosoma siku zote," Inspekta alimwambia binti. "Sema na jibu unaloandika."

Binti alisoma A, akatafuta, akaandika "Asali ya Jana". Mzee kimya. B, kimya. D, "Dirisha la Mjomba", kimya; Ngoma alikuwa ameshalijibu kwa kishindo. Alasiri ilikwenda hivyo, herufi kwa herufi, mpaka binti akasema, "K."

Mkono wa kushoto uligonga ukingo wa kitanda.

"Umeona? Ameanza."

"Iache. Endelea mbele."

L, kimya. M, kimya. "N," binti alisema, na ukingo ukagongwa. Alitaka kusimama, Inspekta alimshika mkono. O kimya. P kimya. R kimya.

"S."

Mkono uligonga.

"T."

Ukagonga tena, kwa nguvu zaidi, na jicho la mzee likamtazama binti kwa namna ambayo mtoto yeyote aliyelelewa na baba anaijua.

"U," Inspekta alisema yeye mwenyewe. Kimya. Akaruka zote. "Z."

Mkono uligonga.

Inspekta alijiegemeza kwenye kiti. "Mdogo wangu, kwa mwezi mzima umekuwa ukikalia viti vya watu. S ni ya Sindano, T ya Tarumbeta, N ya Ngoma, Z ya Zeze. Hakuna anayezigusa ila mwenyewe. Haikuandikwa popote, usingeweza kujua. Huyu hana hasira na mchezo. Anakufundisha adabu."

Binti alimgeukia baba yake, akamkaribia. "Baba. Unanisikia siku zote hizi?"

Mdomo wa mzee ulivutika upande mmoja tu, upande uliokuwa unaweza. Ilikuwa nusu ya kicheko, lakini ya dharau kamili.

"Na hii K?" binti aliuliza, akijipangusa uso kwa kiganja. "Yake mwenyewe, kwa nini aligonga?"

"Kwa sababu ulikuwa unaijibu wewe. Soma fumbo lake."

Binti alisoma: "Haukuwahi kuingia studio. Aliyeutunga alinyimwa chai." Akatafuta mtandaoni kwa mazoea. Akatafuta tena. "Haupo."

"Haupo," Inspekta alisema. Alichukua simu, akabonyeza alama ya sauti, akaisogeza karibu na mdomo wa mzee. "Kiti chako, baba."

Mzee alifungua mdomo. Likatoka koo tupu, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Akafunga. Binti alinyoosha mkono aiondoe simu, asimdhalilishe, Inspekta hakuiachia. Nje, mlinzi wa kivuko alianza kugonga reli: haraka haraka, kimya.

Ndani ya kile kimya mzee alianza kuvuma. Si maneno kwanza. Mlio wa puani, mbaya, uliopinda pale ulipotakiwa kunyooka, lakini ulikuwa na njia na ulijua unakokwenda. Ulizunguka mara moja, ukarudi mwanzo, na uliporudi ulikuja na mzigo.

"Ki... kombe," mzee aliimba. "Kikombe cha pi... pili. Mbona... changu hakiji."

Pigo la uvivu la mlinzi liligonga nje. Inspekta aliachia kidole, ujumbe ukaondoka.

Binti alikuwa amekaa sakafuni. Kuongea baba hawezi, alikuwa ameambiwa na kila mtu mwenye koti jeupe. Hakuna aliyekuwa amemwambia ajaribu kumwimbisha.

"Huo ujumbe usiufute," Inspekta alimwambia. "Kesho daktari ausikie kabla hajafungua mdomo wake. Halafu umsomee herufi mbele yake, uone atasema huo ni mwili gani unaojua alfabeti."

Simu ilitulia kwa muda mrefu kuliko kawaida ya watu wale. Kisha Ngoma akajaza N. Zeze akajaza Z. Muulizaji hakusema sahihi wala si sahihi. Baadaye alidai uzi ulimwingia jichoni. Juu ya kioo pakatokea: Tarumbeta anaandika. Pakafutika. Anaandika. Pakafutika. Mzee alikuwa akitazama, na hakuhitaji kusomewa.

Hatimaye T ikajazwa, kisha ukaingia ujumbe wa sauti, na nyuma yake injini ya lori. "Umeingia nje ya mdundo, kama siku zote," Tarumbeta alisema. Akakohoa. "Kaka mkubwa, ule mlango wenu ni upi? Nimesimama hapa kwenye reli, mlinzi anataka kunipiga na nondo."

Binti aliufuta ule ujumbe wa kuaga, neno baada ya neno. "Mlango wa kijani," aliandika. Na kwa kuwa furaha ilikuwa imempanda kichwani, na mchezo ulikuwa umebakiza S tu, tena nyepesi, anaijua hata yeye, kidole chake kikaelekea kwenye S.

Mzee aligonga kitanda.

"Samahani, baba," binti alisema, akairudisha simu mapajani. Wakakaa wote watatu wakingoja Sindano atoe uzi jichoni.